Shingo ya Ameyali

Soko la San Juan de Dios halina adabu siku ya Jumamosi. Ukisimama kidogo unakanyagwa, ukiuliza bei unaitwa mpenzi na watu ambao hawajakuona maishani mwao, na ukiwa na haraka ndipo toroli la mananasi linapokuzibia njia. Remedios Ocaranza alikuwa na haraka. Alivaa jinzi iliyochafuka rangi magotini na blauzi nyeupe isiyo na mikono, na nywele zake alizifunga utosini kwa penseli, kwa sababu vibanio vyake vyote alishavipoteza. Alitafuta ngozi ya kutengenezea glavu, laini, rangi ya asali. Alipoiona imening'inia kwenye kibanda cha mwisho, kipande kimoja tu, aliirukia akaikamata upande mmoja.

Upande wa pili ulikuwa umeshakamatwa.

"Samahani, kaka. Hiyo nimeiona mimi."

"Kuona kila mtu anaona, dada. Mimi nimeshika."

"Na mimi hapa nimeshika nini? Mkia wa paka?"

Mwanamume yule alikuwa na mabega mapana, fulana nyeusi iliyotobolewa na cheche za moto, na buti za kahawia zilizofungwa kwa kamba nyekundu. Kamba hizo ndizo Reme alizozitazama, maana usoni kwake palikuwa na tabasamu lililomtia wasiwasi.

"Kwani unaitakia nini?" mwanamume akauliza.

"Ya kumvisha mwanamke."

"Ana bahati huyo mwanamke."

"Bahati gani? Ana urefu wa shubiri mbili, halafu kila siku anapigana na nyoka wa moto."

Mwanamume akaiachia ngozi, halafu akaishika tena upesi. "Chayo ndiye aliyekutuma."

"Unamjuaje Chayo?"

"Kanituma na mimi."

Chayo alikuwa mkuu wa mavazi katika studio moja ya filamu za wanasesere, iliyokuwa ndani ya kiwanda cha zamani cha viatu, mtaa wa Santa Tere. Hakumwamini mtu, kwa hiyo kitu kimoja aliwatuma watu wawili. Huyu mwenye buti aliitwa Evaristo Lomelí, Varo kwa wanaomjua, fundi wa mifupa ya chuma iliyo ndani ya wanasesere. Reme alikuwa ametoka Colima wiki ile, na Jumatatu alikuwa anaanza kazi ya kuwafanya wanasesere hao watembee. Wote wawili walikuwa watu wa filamu moja: hadithi ya Ameyali, msichana mwenye upanga aliyepanda volkano kumpokonya nyoka wa moto mto alioumeza.

"Chukua," Reme akasema, akaiachia ngozi. "Naona itakuuma kuikosa. Lakini Chayo aambiwe nani aliiona."

"Nitamwambia. Na nitakununulia tejuino, usije ukanichukia kabla ya Jumatatu."

Wakainywa wima, tejuino ya mahindi machachu yenye ndimu na chumvi, huku watu wakiwasukuma kutoka kila upande. Varo akamweleza kwamba ngozi ile ni ya ukosi wa deraya ya Ameyali, ile atakayoivaa mwisho wa filamu.

"Ukosi ukae imara tu," akasema. "Shingo yenyewe haigeuki."

"Haigeuki? Kwa nini?"

"Amri ya bosi. Kipande cha mwisho, Ameyali anarudi mlimani kuulinda mto, anamwacha kijana wake langoni. Anakwenda moja kwa moja. Doña Leocadia anasema shujaa hageuki nyuma. Na kiungo kisichotumika hatukitengenezi, ni kujichosha bure."

"Anampenda huyo kijana?"

"Anampenda sana."

"Na hageuki."

"Hageuki."

"Basi huyo si shujaa," Reme akasema. "Huyo ni mlango."

Varo alicheka mpaka tejuino ikampalia, ikabidi muuza mikanda wa jirani ampige mgongoni. Alimsindikiza Reme mpaka kituo cha treni, akarudi nyumbani na ngozi yake, na neno lile la mlango likawa linamrudia kichwani kila aliposhika tupa.

*

Nimekaa na watu wa kazi hii na nasema kwa upendo kwamba hawana akili timamu. Reme alikuwa anasimama mbele ya kijukwaa chenye milima ya karatasi, anausogeza mkono wa Ameyali kiasi cha unywele, anapiga picha, anausogeza tena, anapiga picha. Siku nzima ya mgongo kuuma huzaa sekunde mbili tatu za filamu. Ukiigusa meza kwa nyonga, picha zote za siku hiyo zimekufa. Ndiyo maana kila jukwaa lilizungushiwa pazia zito jeusi, na sheria ya studio ilikuwa moja: kazi ikianza, haingii mtu, hata awe bosi. Simu ziliachwa nje ndani ya kikapu juu ya stuli, kwa kuwa mtetemo mmoja wa simu mezani unatosha kumtikisa mwanasesere.

Mapenzi yao yakaota pembeni mwa pazia hilo. Varo akimaliza zamu yake karakana alikuja akakaa chini, nje, na Reme kutoka ndani aliona ncha za buti tu na zile kamba nyekundu.

"Flaca." Ndivyo alivyomwita, mwembamba wake.

"Usinichekeshe, nimeshika mkono wake wa kushoto."

"Umekula?"

"Nitakula akishachomoa upanga."

"Si alianza kuchomoa juzi?"

"Ni upanga mrefu, bwana. Nenda kale wewe."

Siku za mapumziko alimpigia simu.

"Nani mwenzangu?" Reme aliuliza, na jina analiona.

"Fundi mifupa."

"Sina mfupa uliovunjika."

"Moyo je?"

"Moyo una mfupa wapi? Ndiyo maana hesabu zako za mwili zinakataa. Njoo saa saba, na uje na njaa."

Wakala torta ahogada kwenye kibanda cha kona, mkate unaogelea kwenye mchuzi wa pilipili, mchuzi unatiririka mpaka viwikoni. Reme alivaa gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni, Varo shati lililopigwa pasi upande wa mbele tu. Mvua ya kwanza ya Juni iliwakuta katikati ya mji, wakakimbilia chini ya matao, na pale, mbele ya muuza bahati nasibu aliyekuwa anawaangalia bila haya, Varo akambusu. Reme alifurahi hata akasahau mwavuli wake pale pale.

Ila Varo alikuwa na kasoro moja kubwa. Mikono yake iliongea, mdomo wake uliogopa. Alimtengenezea Reme kiti cha kazi kisichouma mgongo, alimshonea kiatu, alimnolea kisu cha jikoni. Neno lenyewe la kupenda hakulitoa. Kwa hiyo ilipokuja barua pepe kutoka studio kubwa ya wanasesere huko Kanada, ikisema wanamtaka, na wanamtaka kabla mwezi haujaisha, alitembea nayo kifuani kama aliyemeza jiwe. Kwenda hakutaka. Alitaka mtu mmoja tu amwambie baki.

*

Sasa sikiliza upuuzi uliotokea.

Kabla ya kumgusa mwanasesere, mchezeshaji huigiza kipande chenyewe mbele ya kamera, ili aone uzito wa mwili unavyohama, bega linavyotangulia. Studio ilikuwa na chumba chenye kioo kwa kazi hiyo. Kipande cha mwisho, kile cha Ameyali kuondoka langoni, alipewa Reme, na yeye alitaka kukiona kwa macho ya anayeachwa.

"Wewe ndiye Ameyali," akamwambia Varo.

"Mimi? Na ndevu hizi?"

"Ndevu hazitembei. Nataka miguu. Shika hii rula, ndiyo upanga. Mimi ni kijana wa langoni, nimesimama hapa nyuma ya kamera. Niage, uondoke. Sema lolote, sauti hatuitumii."

Varo akasimama katikati ya chumba na aproni yake ya ngozi. Aliona Mungu amemfungulia mlango: aliseme hapa, ambapo hakuna atakayemcheka.

"Nimeitwa mbali," akasema, na sauti ilitoka ndogo. "Kaskazini huko. Kuna watu wananitaka, na lazima niwajibu." Akameza mate. "Mimi sitaki kwenda. Ukisema nibaki, nitabaki. Sema tu."

Nyuma ya kamera Reme alisisimka mikono yote. Akawaza, kumbe mtu huyu ana kipaji na alikuwa anakificha!

"Safi!" akanong'ona. "Safi sana, usiharibu! Sasa nenda. Nenda, na usigeuke!"

Varo alimtazama. Rula ikashuka polepole mkononi mwake. Halafu akampa mgongo, akatembea hadi mlangoni, akatoka, na hakugeuka, kama alivyoamriwa. Reme akabaki peke yake chumbani anapiga makofi.

Jioni ile ile Varo aliwajibu watu wa Kanada kwamba anakuja.

*

Reme alizipata habari kwenye kibanda cha torta, kutoka kwa Chayo, mdomo umejaa.

"Sasa Varo tunamuagaje? Keki au bendi ya mariachi? Mimi nasema mariachi, keki inakauka."

"Tunamuaga anakwenda wapi?"

Chayo akaacha kutafuna. "Ee Mama Maria. Hajakuambia?"

Reme hakumaliza chakula. Alivuka barabara bila kuangalia magari, akaingia karakana na aproni ina madoa ya mchuzi. Varo alikuwa ameinama juu ya jiliwa la kubania chuma.

"Kanada, Varo?"

"Kanada."

"Na mimi nakuja kuambiwa na Chayo, na mkate mdomoni?"

"Nilikuambia, Remedios." Akimwita jina zima, amekasirika.

"Lini?"

"Nilikuambia, nikakuomba uniambie nibaki. Ukaniambia niende."

"Mimi? Nikuambie uende? Usinitungie maneno! Kama umenichoka sema umenichoka, nitalia nitanyamaza. Kunisingizia ya nini?"

"Kama hukumbuki, basi kwako lilikuwa jambo dogo."

"Mwongo mkubwa."

"Nenda kafanye kazi. Bosi anakungoja."

Hapo angepatikana mtu mmoja mwenye busara, au hata asiye na busara bali mwenye mikono, awagonganishe vichwa. Hakupatikana. Reme aliondoka akilia kwa hasira, na kwa siku zilizofuata hakupokea simu ya Varo hata moja, mpaka Varo akaacha kupiga. Nje ya pazia hakukuwa na buti tena. Usingizi ulimpaa, na kila alipokumbuka neno "nilikuambia" alizidi kumwona mwongo.

*

Doña Leocadia Barbosa alikuwa mwanamke mfupi mwenye shali nyeusi ambayo hakuivua hata joto la Mei. Miaka mitatu alikuwa ameipigania filamu yake, na sasa kilibaki kipande kimoja, na jengo lilikuwa linarudishwa kwa mwenyewe.

"Hiki hatukirudii, Remedios," alisema. "Wanasesere wengine wote wa Ameyali wamechakaa, aliyebaki ni huyu wa deraya. Muda nao hakuna. Ukiniharibia hiki, filamu yangu haina mwisho."

"Sitaharibu, bosi."

"Anakwenda moja kwa moja, anaingia kwenye ukungu. Hageuki."

"Nimesikia."

Alianza Jumatatu. Ilipofika Alhamisi Ameyali alikuwa katikati ya daraja, mgongo kwa lango, upanga begani. Alhamisi hiyo ndiyo ya safari ya Varo, ndege ya saa kumi, na studio nzima ilijua, na hakuna aliyethubutu kuitaja. Reme alikuja na ovaroli ya kijivu, midomo mikavu, akaitupa simu kikapuni, akavuta pazia. Nje mawingu yalikuwa yameshaanza kujazana juu ya mji. Aliomba mvua ingoje, kwa sababu umeme ukikatika, taa zikirudi haziwi zile zile, na kazi ya siku zote hizo inakwenda na maji.

Lakini kulikuwa na kasoro. Alirudisha picha zake kwenye skrini, akazichezesha, na Ameyali alitembea kama anayekwenda dukani kununua chumvi. Miguu ilikuwa sawa. Ile miguu aliichukua kwa Varo hatua kwa hatua. Bega ndilo lililokuwa halina habari ya kuagana na mtu.

Akakumbuka kwamba ile video ya chumba cha kioo aliikata. Alibakisha kutembea tu, mwanzo wake hakuwahi kuutazama. Akaitafuta video nzima, akaifungua kwenye skrini ya pembeni, bila sauti, akaanza kuisogeza picha moja moja, kama kazi yake inavyomfundisha kuangalia kila kitu.

Varo na rula. Varo anafungua mdomo. Picha inayofuata, koo linapanda. Inayofuata, kidole gumba kinaisugua rula, kinaisugua, kinaisugua. Reme akakunja uso. Mtu anayeigiza hutazama kamera, au hutazama mahali pa kuwaziwa. Varo alikuwa anatazama juu kidogo ya kamera, upande wa kulia, pale hasa alipokuwa amesimama yeye.

Akaendelea. Mdomo ukafunga. Macho yakangoja. Picha kadhaa nzima yalingoja, yamefunguka, yana matumaini kama ya mtoto mlangoni. Na halafu, kati ya picha moja na nyingine, matumaini yakazimika. Reme aliirudisha, akaisogeza tena, na kila mara yalizimika pale pale.

Akawasha sauti.

"Mimi sitaki kwenda. Ukisema nibaki, nitabaki. Sema tu."

Kisha sauti yake mwenyewe, ya furaha, ya kijinga: "Safi! Safi sana, usiharibu!"

"Mungu wangu," Reme akasema. "Mungu wangu, nimefanya nini?"

*

Kikapuni simu yake ilionyesha Varo amempigia asubuhi hiyo, mara moja, na tena, na tena. Ilikuwa inatetemeka peke yake kwenye stuli huku yeye anahangaika na bega la mwanasesere. Akapiga. Ikaita mpaka ikakata. Huku nje ya madirisha radi ya kwanza ikanguruma. Akatazama mlango wa kutokea, akatazama pazia. Akikimbilia uwanja wa ndege na umeme ukakatika nyuma yake, filamu ya watu wote hawa imekosa mwisho. Akibaki, anaondoka mtu wake. Akapiga tena.

"Ndiyo," Varo akasema.

"Usikate!"

"Nipo foleni, Reme. Begi wameshachukua."

Alikuwa na maneno mengi yamemjaa kifuani, na likatoka lile ambalo hakulitegemea. "Shingo haigeuki."

"Nini?"

"Ameyali. Anataka kugeuka na shingo haigeuki. Varo, nimeiona video. Yote, na sauti. Nimeona sura yako niliposema safi."

Alisikia magurudumu ya masanduku ya watu yakipita.

"Varo?"

"Una bisibisi ndogo hapo?"

"Ninayo."

"Ule ukosi, kwa nyuma, ngozi haikushonwa. Imebandikwa kwa nta. Iinue kwa ukucha. Kuna skrubu chini yake, ilegeze nusu mzunguko."

"Skrubu ya nini?"

"Ya shingo. Inageuka. Tangu siku ya kwanza inageuka, nimeifunga tu."

"Lakini bosi alisema..."

"Bosi alisema, na wewe ukasema huyo ni mlango. Nikaenda nyumbani na ngozi uliyoniachia, nikaona siwezi kutengeneza mlango. Nilijua ipo siku utataka ageuke."

Reme akajikuta amekaa chini sakafuni, mgongo ukutani, machozi yanamwingia mdomoni. "Mbona hukuniambia?"

"Mambo yangu mimi huwa nayasema waziwazi? Nayaficha chini ya ukosi."

"Sikiliza. Nilidhani unaigiza. Nakuapia, nilidhani unaigiza na nikajivunia mtu wangu. Uliniomba niseme. Nimechelewa, lakini nasema. Baki. Nakupenda, Varo, sitaki uende, na kama..."

Simu ikafa. Akapiga, ikamjibu sauti ya mwanamke kwamba mteja hapatikani. Akapiga tena, mwanamke yule yule. Hakujua alisikiwa mpaka wapi, au kama alisikiwa kabisa.

Mvua ikaanza kulipiga bati. Reme akafuta uso kwa mkono wa ovaroli, akairudisha simu kikapuni, akaingia ndani ya pazia.

Ngozi iliinuka kwa ukucha kama alivyoambiwa. Skrubu ilikuwepo, ndogo kuliko punje ya mchele. Aliilegeza huku amebana pumzi, akairudishia ngozi, akakigusa kichwa cha Ameyali kwa ncha ya kidole. Kikasogea laini. Akapiga picha.

Kwanza bega likasita. Halafu kidevu. Picha, sogeza, picha. Taa zikapepesa mara moja, akafunga macho akiomba, zikatulia. Akaendelea.

Nje ya pazia kukasikika viatu vya visigino vifupi. Bosi alikuwa anaziona picha zikiingia kwenye skrini ya ofisini kwake.

"Remedios! Anafanya nini huyo?"

"Anageuka, bosi."

"Shingo hiyo haigeuki."

"Inageuka."

"Shujaa wangu hageuki nyuma!"

"Huyu anageuka. Nifukuze nikimaliza, sasa hivi siwezi kuondoa mkono."

Doña Leocadia alikuwa na haki ya kupaza sauti, hata kuzima kamera. Badala yake akavuta pumzi ndefu, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya mtu aliyewahi kuondoka mahali bila kugeuka.

"Basi taratibu," akasema. "Usimharakishe."

Visigino vikaondoka. Reme alifanya kazi saa nyingine, na nyingine. Ndege ya saa kumi ilikuwa imeshapita wakati wake. Aliisikia moja ikinguruma juu ya mawingu, akajiambia ndiyo hiyo, na mkono wake haukuyumba. Shavu la Ameyali lilikuwa limeanza kuonekana.

Ndipo nyuma yake, nje ya pazia, kitu kikakaa chini kwa kishindo, kikihema.

"Flaca."

Mkono wa Reme ukasimama pale pale. Mwili wake wote ulitaka kugeuka, na kidole chake kilikuwa kwenye shavu la mwanasesere. Kwa pembe ya jicho aliona, chini ya pazia, buti za kahawia zimelowa chepe, kamba nyekundu zimegeuka nyeusi kwa maji.

"Usiingie," akasema.

"Siingii."

"Hajamaliza."

"Nangoja."

Picha. Sogeza. Picha.

"Ndege je?"

"Imeondoka. Begi wamesema nirudi kesho kuulizia. Nina pasipoti na soksi zilizolowa, basi. Barabara ya Chapala kutoka uwanjani imejaa maji, dereva kaniteremsha njiani, nimekimbia."

"Na Kanada?"

"Nitawaandikia kwamba nitakuja filamu ikishakwisha, na sitakuja peke yangu. Wakikataa, shauri yao."

"Utakwenda na nani?"

"Na mwanamke mmoja anayefunga nywele kwa penseli. Kama atakubali. Nitamwomba vizuri, bila kamera."

Reme aliuma mdomo asicheke, maana kucheka kungetikisa meza. "Ulinisikia kwenye simu?"

"Nilisikia mpaka 'baki'. Baada ya hapo chaji ikaisha. Kulikuwa na mengine?"

"Yalikuwepo."

"Yapi?"

"Nitakuambia nikigeuka."

Na hakugeuka bado. Aliusogeza uso wa Ameyali unywele kwa unywele, mpaka macho yake meusi ya kioo yakalifikia lango, yakamkuta kijana wake amesimama pale alipomwacha. Reme akaondoa mkono. Akabonyeza mara ya mwisho. Akaitazama picha, na akaona kwamba kipande kimekwisha.

Akalivuta pazia. Varo alikuwa amekaa sakafuni katikati ya kidimbwi chake mwenyewe, ndevu zinachuruzika, mkono mmoja ukiisugua kamba ya buti, unaisugua, unaisugua. Macho yalikuwa yale yale ya kwenye video, yanangoja.

"Nakupenda," Reme akasema. "Hayo ndiyo yaliyokatika."

Varo akafumba macho kidogo.

"Safi," akasema. "Safi sana. Rudia."

Reme akapiga magoti kwenye yale maji, akamshika uso kwa mikono yote miwili, akarudia.